Chupa za Mwaka wa Mvua

Njia ya Kisima,
Saint-Maurin, Médoc,
Ufaransa.

Jumapili, 12 Novemba 2023

Mpendwa wifi yangu Perrine,

Nakusalimu kutoka kwenye meza ileile ya jikoni unayoijua, ila siku hizi ni kiti kimoja tu kinachovutwa. U hali gani huko Liège? Goti lako linakuruhusu kupanda ngazi, au bado unalala sebuleni kama mgeni? Na shemeji Servais, kile kikohozi chake cha miaka ya tanuri kimepungua? Mwambie zile glasi alizotupulizia kwa mikono yake bado ninazo. Zilizovunjika, zote zilivunjwa na kaka yako. Mimi sijavunja hata moja.

Nimefurahi sana kusikia mjukuu wetu Ludivine anaolewa. Ninamkumbuka akiwa mdogo, alipokuja hapa kiangazi akakataa kula mayai kwa sababu alikuwa amemwona kuku. Sasa anapata mume! Mwambie bibi yake wa Médoc anamwombea nyumba yenye kelele. Nyumba tulivu si nzuri kama watu wanavyodhani.

Nami nipo. Moyo wangu umechoka. Daktari wa Lesparre alinieleza bila kuzungusha maneno, nikamshukuru. Aliniambia nisipange safari. Nikamuuliza, je, Pasaka nayo ni safari? Akatazama dirishani. Nimefundisha watoto maisha yangu yote, Perrine, na mtoto anayetazama dirishani ni yule anayelijua jibu lakini halipendi. Kwa hiyo harusini msinitegemee.

Asubuhi huja nesi, binti mmoja mchangamfu aitwaye Coralie. Sauti yake ndiyo ninayoisikia siku nzima, basi.

“Bibi Darrigade, hii glasi ni ya nini tena?”

“Ya mvinyo. Ya maji ni ile ndefu.”

“Daktari alisema kidogo.”

“Alisema kidogo. Hakusema kidogo mara ngapi.”

Anacheka, ananipima, anaandika mambo yake, anaondoka. Baada ya hapo nyumba inanyamaza mpaka kesho yake. Zamani nilikuwa nalalamika kwamba kaka yako Aubin huacha redio ikiwaka katika chumba asichokuwamo. Siku hizi ninaiwasha mimi, katika chumba nisichokuwamo.

Guilhem, yule fundi mapipa, tulimzika mwezi wa tatu. Tulikuwa mwanawe, mimi, padri na wabeba jeneza. Duka la mikate limefungwa. Mkate sasa unaletwa na gari dogo linalopiga honi mara moja na kuondoka, nami sifiki mlangoni kwa haraka hiyo.

Shamba la mizabibu la Montalhac, alikofanya kazi Aubin, limeuzwa kwa kampuni ya bima ya Paris. Mwaka huu zabibu zilivunwa na watu wa kandarasi, vijana wazuri tu, wachapakazi. Siku ya mwisho ya mavuno nilivaa gauni langu la bluu nikakaa kibarazani, kama kawaida yetu, kusubiri trekta la mwisho lipite limepambwa maua, watu wakipiga honi na kuimba, ili nami niitwe kwenye karamu. Trekta lilipita bila ua hata moja. Vijana waliingia kwenye magari yao wakaenda kuvuna kwingine. Nilikaa na gauni langu mpaka baridi iliponiingiza ndani.

Na La Palombe haipo tena. Wenye mali wapya wamefuta ile lebo ya njiwa. Mvinyo wa pili wa Montalhac sasa una jina jingine, na chupa yake ina herufi kubwa kama ya manukato. Kwa hiyo Palombe iliyobaki duniani ni ile iliyokwisha kutiwa chupani, na inapungua kila mtu anapokula chakula cha jioni.

Sasa nije kwenye swali lako, maana limenikosesha raha tangu barua yako ifike.

Umeniandikia kwamba muuza mvinyo wa mtaani kwenu ana Palombe za miaka miwili. Kuna chache za 2010, mwaka uliosifiwa, kwa bei ya kuumiza. Halafu kuna makasha ya 2013, mwaka wa mvua, ambayo yamekaa pale chini ya ngazi na anataka kuyaondoa kwa nusu ya bei hiyo. Umesema harusini utaweka za 2010, hata kama zitatosha meza ya wakubwa tu, na wengine wanywe bia. Kisha ukaandika maneno haya, nami nimeyasoma mara nyingi: “Sitaki watu wainywe ile ambayo kaka yangu aliiharibu uzeeni.”

Wifi yangu, Aubin hakuharibu chochote. Nunua za mwaka wa mvua. Nunua makasha yote aliyonayo yule mtu, kabla hajapata mwingine mwenye akili.

Ningeweza kuishia hapo. Lakini hungeniamini, ungesema mjane anamtetea mumewe. Ili uniamini inabidi nikueleze jambo ambalo sijamweleza mtu, wala padri. Nilimwahidi Aubin sitalisema, na sasa nalisema. Ningoje nini? Nikifa nalo, kaka yako atabaki mzee aliyeshindwa kazi yake ya mwisho, katika kinywa cha dada yake mwenyewe.

Unaikumbuka ile Krismasi ya 2011 aliyolala na homa? Alipopona tulimwalika Guilhem na padri kwa chakula cha mchana. Aubin akafungua chupa ya heshima, akamimina kidogo, akanusa, akatikisa kichwa kwa kuridhika, akatujazia wote.

Perrine, ule mvinyo ulikuwa umeharibiwa na kizibo. Ulinuka kitambaa cha kufutia sakafu kilichosahauliwa ndooni. Nilingoja kaka yako acheke, nikidhani anatujaribu, kama alivyozoea kuwajaribu wanafunzi wake wa ghalani. Hakucheka. Padri naye akanywa, akafumba macho.

“Ah,” akasema, “huu una udongo.”

“Udongo kabisa,” akasema Guilhem, machozi yakimlenga. “Udongo wenyewe, babangu. Unausikia mpaka kooni.”

“Wa mwaka gani huu, Aubin?”

“Mwaka mzuri,” akajibu kaka yako.

Waliumaliza. Nani angethubutu kusema neno mbele ya msimamizi wa ghala la Montalhac, mtu aliyekuwa akiamua mapipa yapi yaingie kwenye mvinyo mkuu wenye jina la shamba na yapi yashuke kwenye Palombe? Yeye amekubali, basi wote tumekubali. Guilhem alipokuwa anavaa koti mlangoni akaninong'oneza: “Shemeji, mume wako ametuadhibu kwa kosa gani leo?”

Walipoondoka nilimkuta Aubin amekaa na ile chupa tupu mbele yake.

“Ulikuwa mbovu,” akasema.

“Ulikuwa mbovu.”

“Nimeona sura yako. Maylis, sinusi kitu. Tangu ile homa. Kahawa, sabuni, kuni, hakuna. Jana nimesimama kwenye mlango wa ghala nikanusa kama mbwa. Hakuna.”

Nilimwambia itarudi. Daktari wa Bordeaux naye alisema itarudi. Haikurudi, mpaka tulipomfunika.

Unajua kazi yake ilivyokuwa. Kila mwaka, mwezi wa pili, sampuli za mvinyo wa kila kipande cha shamba hupangwa mezani: za mizabibu mizee ya changarawe karibu na mto, za mizabibu michanga, za kule nyuma kwenye udongo mzito. Watu wanaonja, wanatema, na mchanganyiko unaamuliwa. Mapipa yaliyo bora yanaingia kwenye mvinyo mkuu wa Montalhac. Mengine, ambayo si mabaya, ni machanga tu au hayakuelewana na yale mengine, yanaingia Palombe. Mashamba, ghala na mikono ni ileile, bei tu ndiyo tofauti. Ndiyo maana sisi tuliokaa hapa hatukuwa tunanunua mvinyo mkuu. Tuliuacha kwa watu wanaonunua majina.

Alikuwa amebakiza muda mfupi astaafu. Angesema ukweli, Bwana Lestonnac, mwenye shamba, angemwonea huruma, angempa kiti cha kukalia, na yule mshauri wa mvinyo wa mjini mwenye viatu vya kamba angeachiwa meza ya kuonjea. Kaka yako hakuweza kuvumilia wazo hilo. Nami sikuweza kumtazama akishindwa kulivumilia.

Basi akaanza kuniletea sampuli nyumbani. Chupa ndogo, amezifunga kwenye soksi ili zisigongane mfukoni. Nilizipanga hapa mezani, nikafungua dirisha, nikakaa bila kahawa na bila kitunguu tangu asubuhi. Nilinusa, nikasema. Yeye alionja baada yangu, maana ulimi wake ulikuwa mzima: ukakasi, uchachu, uzito, vyote alivijua bado, na kwa hayo hakuna aliyemfikia. Kwa hiyo palikuwa na pua yangu na ulimi wake, na kutoka kwa watu wawili tukapata mwonjaji mmoja.

Usidhani nilikuwa mgeni wa mambo hayo. Tangu mwaka wa kwanza wa ndoa alikuwa ananichezesha kila jioni: nusa hii, ni ya kipande gani? Nilipokosea alinicheka, na nilipopatia alinuna. Lakini sikujifunza maneno yake ya misituni, uyoga na majani na manyoya ya ndege. Nilitumia niliyokuwa nayo. Nilinusa penseli iliyochongwa sasa hivi. Nilinusa wino, chaki, begi jipya la ngozi, makoti ya watoto yakikauka karibu na jiko la darasani. Aliyameza maneno yangu kama mtoto anayekariri shairi, akaenda kuyatoa mbele ya wakubwa.

Mwaka wa kwanza yule mshauri alimtazama juu ya miwani. “Bwana Darrigade, leo unaongea kama mwalimu wa shule.”

“Nimeoa mmoja, bwana,” akajibu Aubin. “Inaambukiza.”

Alinisimulia jioni, tukacheka mpaka tukashika meza. Miaka miwili ilipita hivyo, na hakuna aliyegundua. Jioni alikuwa anakula supu, akibakiza kidogo chini ya bakuli, anamimina mvinyo humo na kuinywa kwa bakuli, kama baba yenu alivyokuwa akifanya. Zamani alikuwa anaiona ni desturi ya wazee. Sasa aliipenda kwa sababu joto na chumvi alivisikia. Nilikuwa namtazama akifunika uso wake kwa bakuli, na ninakiri, Perrine, ile ilikuwa miaka yangu mizuri kuliko yote. Alinihitaji. Namwomba Mungu anisamehe kwamba nilifurahia msiba wake.

Kisha ukaja mwaka wa mvua. Masika yalikuwa baridi, maua ya mizabibu yakapukutika, na wakati wa mavuno zabibu zikaanza kuoza zikiwa bado juu ya miti. Zilivunwa mbiombio. Bwana Lestonnac akatangaza kwamba mwaka huo jina la Montalhac halitawekwa kwenye chupa yoyote. Hakuna mvinyo mkuu. Kitakachofaa kitaingia Palombe, na kingine kitauzwa kwa wafanyabiashara wa jumla bila jina.

Mshauri alikuwa na hesabu yake. Palombe watu huinunua leo waifungue leo, kwa hiyo iwe laini: zabibu ya merlo nyingi, ile iliyosalimika, na zabibu ngumu ya kabernee kidogo tu ya kushikilia. Ile kabernee ya mizabibu mizee karibu na mto, ambayo kila mwaka ilikuwa moyo wa mvinyo mkuu, ilikuwa ngumu kama ngozi mbichi, hivyo iuzwe.

Aubin aliniletea zote. Niliinusa ile kabernee na nywele zikanisimama. Ilikuwa imefungwa kama ngumi, lakini ndani ya ile ngumi palikuwa na kila kitu. Merlo ilikuwa laini na haina la kusema.

“Geuzeni,” nikamwambia. “Kabernee yote iingie. Merlo mtie kidogo, hiyo nyingine ndiyo iuzwe.”

Akaionja. Akakunja uso. “Inakwaruza, Maylis. Hii ni ya kungoja miaka kumi. Hakuna anayengoja Palombe miaka kumi.”

“Basi watajifunza.”

“Hawatajifunza. Watasema mzee Darrigade amechoka.”

“Unaogopa watu au unatengeneza mvinyo?”

“Wewe ni mwalimu,” akasema. “Hujawahi kulala ghalani hata siku moja.”

“Na wewe ni mwonjaji usiye na pua.”

Nililisema hilo, Perrine. Limo humu jikoni mpaka leo. Alikusanya zile chupa ndogo, akazifunga moja moja kwenye soksi, polepole, akatoka. Hatukusemezana mpaka siku ya kuchanganya. Asubuhi hiyo alisimama mlangoni na kofia yake mkononi. “Una hakika?” akauliza. Nikasema nina hakika. Akaenda akapigana na mshauri na Bwana Lestonnac mchana kutwa, akaweka jina lake lote mezani, akashinda.

Mengine yaliyofuata unayajua. Mvinyo ulipotoka, magazeti yaliucheka. Mkali, mkavu, mgumu kama mbao, mtu amesahau ni mvinyo wa pili. Maduka yakaushusha bei. Hapa kijijini vijana walikuwa wakimpita Aubin wanauliza kama anauza kiberiti cha kuuwashia. Alistaafu mwaka uleule, na hotuba ya kumuaga ikasifu miaka yake ya nyuma, ya nyuma sana. Nawe ukatuandikia kwamba mmeupikia nyama ya ng'ombe, na nyama ikalainika kuliko mvinyo. Aubin aliisoma barua yako kwa sauti na akacheka. Nami nilicheka. Kisha akaenda kukata kuni ambazo hatukuzihitaji.

Nilimwambia: nitasema. Nitakwenda kwa Lestonnac niseme ni mimi.

“Useme nini?” akaniuliza. “Kwamba kwa miaka mitatu nilisimama pale nikinusa hewa na kudanganya watu walioniamini? Acha, Maylis. Afadhali mzee aliyechoka kuliko mwongo. Uchovu unasameheka.”

Akanishika kifundo cha mkono, akaniapisha. Hakunilaumu siku hiyo, wala siku nyingine yoyote mpaka alipokufa. Angenilaumu hata mara moja, ningelala.

Nilikuwa sahihi kuhusu mvinyo, nikakosea kuhusu watu. Yeye alilijua kosa hilo kabla halijatokea, akalibeba kwa sababu mimi nilisema nina hakika.

Miaka minne baada ya kumzika, katika siku yake ya kuzaliwa, nilifungua chupa moja ya mwaka ule. Nilidhani nitaionja, nisikitike, nilale. Wifi, ile ngumi ilikuwa imefunguka. Penseli, wino, ngozi ya begi, moshi wa mbali wa matawi ya mizabibu. Ulikuwa ule mvinyo mkuu wenyewe, umevaa nguo za mdogo wake. Nilimgeukia kumwambia. Unajua ilivyo, mwili unageuka kabla ya akili.

Chupa ni kubwa kwa mtu mmoja. Nilikunywa jioni tatu, kila jioni ukiwa mzuri zaidi, na hapakuwa na mtu wa kumwambia “mzuri zaidi”. Padri ni mpya, anakunywa maji. Coralie anasema mvinyo wote unamuuma kichwa. Guilhem nilimpa glasi kabla hajafa. Akanusa, akasema: “Yule mzee alijua, na sisi tulicheka.” Nikataka kusema, nikameza. Za kwangu zimekwisha. Hizo zilizo chini ya ngazi kwa yule muuza mvinyo wenu huenda ndizo nyingi kuliko zilizobaki popote.

Basi fanya hivi. Kwanza nunua moja tu, mwonje wewe na Servais, usiniamini kwa maneno. Kabla ya kulipa tazama mvinyo umefika wapi shingoni: ukiwa umeshuka mpaka mabegani mwa chupa, iache. Tazama pia kizibo kisiwe kimesukuma karatasi juu. Isimamishe wima tangu siku iliyotangulia, imimine polepole kwenye jagi, mashapo yabaki chini, kisha uache upumue wakati unapika. Na usiuweke karibu na hita, nakujua.

Yule mtu akianza kukuhubiria habari za 2010, msikilize kwa adabu. Anasema kweli, ule ni mzuri, na ni wa Aubin peke yake, pua na ulimi. Mkitaka, chukua chupa moja ya wewe na Servais. Lakini mwaka mzuri kila mtu anaujua, na bei inajua pia. Mwaka ambao shamba kubwa linakataa kuweka jina lake, watu huukimbia bila kuuliza zile zabibu bora zilikwenda wapi. Ziliingia kwenye chupa ya njiwa. Ukiwa na mkoba mdogo na meza ndefu, hiyo ndiyo chupa ya kutafuta, ya shamba lolote, si letu tu. Uliza tu mwaka ambao mvinyo mkuu haukutengenezwa. Muuzaji asiyejua jibu hatajua pia anauza nini.

Utanikasirikia kwa muda. Umemlilia ndugu yako pamoja nami, na leo nakwambia aliwaficha watu jambo, na mimi nilimsaidia kuficha. Kasirika, wifi, ni haki yako. Lakini usimwone tena kama mtu aliyeharibu. Na tafadhali usiwaandikie watu wa Montalhac wala wa magazeti. Nimevunja ahadi kwa ajili yako peke yako, na ningependa kuivunja kidogo kadiri inavyowezekana.

Ninalo ombi moja kuhusu harusi. Msitoe hotuba juu yetu. Hotuba za watu wasiokuwepo hupoza chakula. Lakini katika meza ndefu hakosi mtu mmoja anayenyanyua glasi na kuuliza, “Huu ameutengeneza nani?” Akiuliza, mjibu: Aubin na Maylis. Usimweleze zaidi. Tangu padri alipotufungisha ndoa, sijasikia mtu akiyataja majina hayo mawili kwa pamoja kwa sababu ya kazi tuliyoifanya. Mimi sitakuwepo kuyasikia, lakini yatakuwa yametajwa, na watu watakuwa wamekwisha kunywa.

Mkono umechoka, naona mistari inashuka. Nisalimie Servais kwa dhati, mama yake Ludivine, yule mkwe mtarajiwa ambaye jina lake sikuweza kulisoma katika mwandiko wako, na jirani yako Godelieve aliyenitumia soksi za sufu, zinanifaa sana. Mbusu Ludivine paji la uso kwa niaba yangu na ya babu yake wa huku.

Mungu awape meza isiyotosha watu, na mtu wa kugeukiwa kila mnapopata jambo la kusema. Ukiweza, nipigie simu mtakapofungua ile chupa ya kwanza. Usiseme kitu, iweke tu simu mezani mnywe. Mimi nitakuwa nasikiliza.

Wako akupendaye, aliyekaa na siri ya kaka yako muda mrefu kupita kiasi,
Wifi yako,
Maylis Darrigade